MJADALA: Taarifa zetu kwenye wingu, Afrika Mashariki iwe na kanuni za pamoja au kila nchi ibaki na zake?

Ndugu zangu, tuseme kampuni changa ya Arusha, mji huohuo yalipo makao makuu ya Jumuiya, imetengeneza programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa wa kisukari. Imepata wateja Nairobi na Kigali. Seva zake yenyewe haina, inakodi nafasi kwenye wingu, yaani kompyuta za kampuni nyingine zinazofikiwa kwa intaneti.

Tanzania itaidai kibali cha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla taarifa hazijavuka mpaka. Rwanda, kwa sheria yake ya 2021, inataka taarifa zihifadhiwe Rwanda, labda mhusika awe na cheti cha kuziweka nje. Kenya, kwa sheria ya 2019, itataka ithibitishiwe kwamba huko ziendako zitalindwa, na kwa kuwa ni habari za afya, mgonjwa mwenyewe lazima aridhie. Kampuni kubwa za Marekani zina mawakili wa kuyashughulikia yote hayo. Vijana wa Arusha watawapata wapi?

Msimamo wangu ni kwamba nchi za Jumuiya zitambuane. Taarifa za Mtanzania zikiwa kwenye kituo cha data cha Nairobi zihesabiwe kuwa ziko nyumbani, mradi Kenya inatimiza kiwango tulichokubaliana, na kiwango hicho kifuate sheria iliyo kali zaidi miongoni mwetu. Kuusubiri Umoja wa Afrika kutatuchelewesha: Mkataba wake wa Malabo, wa usalama wa mtandao na ulinzi wa taarifa binafsi, ulipitishwa 2014, ukaanza kufanya kazi Juni 2023.

Wanaopinga wanasema taarifa za wananchi zisitoke nchini, maana huo ndio uhuru wetu. Uchungu wao ninao na mimi. Lakini sheria ya Marekani ya 2018, CLOUD Act, inaziwezesha mamlaka za huko kuidai kampuni ya Marekani taarifa inazozishikilia, hata seva ikiwa nchi nyingine. Kwa hiyo ukijenga kituo Dodoma kisha ukaikabidhi kampuni hiyo ikiendeshe, mkono wa Washington bado unafika. Anayezishikilia taarifa ana uzito kuliko mahali zilipolala.

Kinachoninyima usingizi ni kitu kingine: mtu wa Tandahimba, hapa Tanzania, akivujishiwa taarifa zake na kampuni yenye makao Nairobi, atalalamika wapi? Tutazame Ulaya, ambako kanuni ni moja tangu 2018. Kule mtu hulalamika kwao, ila kesi ya kampuni inayofanya kazi nchi nyingi huongozwa na nchi yenye makao yake makuu ya Ulaya, na kampuni nyingi kubwa za teknolojia zimejikusanya Ireland. Max Schrems, raia wa Austria, aliilalamikia Facebook huko Ireland mwaka 2013, kabla ya kanuni hiyo, kwa kupeleka taarifa zake Marekani. Faini ya euro bilioni 1.2 dhidi ya Meta, kampuni mama ya Facebook, kwa upelekaji wa aina hiyo ilitoka Mei 2023, tena baada ya bodi ya wasimamizi wa Ulaya kuiamuru Ireland iitoze. Miaka kumi! Mtu wa kwetu asiye na wakili angekata tamaa ndani ya miezi mitatu.

Kwa hiyo bila masharti haya siungi mkono. Mlalamikaji afungue shauri kwenye tume ya nchi yake, kwa Kiswahili akitaka. Tume hiyo iwe na sauti katika uamuzi, na muda wa kuutoa uandikwe kwenye sheria. Pia tume ziwe huru kweli. Ofisi ya Uganda ya kulinda taarifa binafsi iko ndani ya mamlaka ya teknolojia ya habari, ambayo ni ya serikali. Itaikemea vipi serikali hiyohiyo ikikosea?

Mnaotaka kila nchi ibaki na sheria zake, nielezeni: huyo wa Tandahimba leo analindwa na nini, taarifa zake zikiwa tayari ziko nje?