Tulipu ndogo za mwituni kwenye bustani ya mawe: tarda, humilis, clusiana au saxatilis?

chipukizi
Wadau habari zenu. Nina kilima kidogo cha mawe nimeshakipanga, jua linakipiga toka asubuhi mpaka alasiri, upande mmoja umeinama sana na mwingine uko flati. Nataka niweke tulipu ndogo, zile za asili za mwituni, sio zile ndefu za kukata ambazo mwaka wa kwanza zinapendeza, wa pili majani matupu. Nimechuja nimebaki na nne: Tulipa tarda, humilis, clusiana na saxatilis. Udongo wangu msimu wa baridi unaganda juu juu tu, na kiangazi mvua zinapita mara moja moja. Ipi itakaa miaka bila kunisumbua?

mzee_kokoto
Tarda, wala usiumize kichwa. Fupi, sentimita 10 mpaka 15 basi, bua moja linabeba maua manne matano hata zaidi, katikati njano ya kiini cha yai halafu ncha nyeupe, jua likiwaka zinafunguka bapa kabisa na wingu likipita zinajikunja, usidhani zimekufa. Kwao ni milima ya Tien Shan huko Asia ya Kati, theluji juu yake baadaye kiangazi kikavu, kwa hiyo kugandaganda kwako ni mchezo kwake. Inazaa vitunguu vidogo pembeni (vitunguu vya maua hivi, yaani lile tunguu la chini mmea unapochipukia) na mbegu zake zikidondoka kwenye kokoto zinaota zenyewe, wewe usizing'oe tu ukidhani ni majani ya porini maana mche wake mwaka wa kwanza ni unyuzi mmoja kama wa kitunguu cha kula.

dadaMaua
Mzee na tarda yako 😄 kila uzi ni tarda. Chipukizi, kama unataka mtu apite asimame, weka humilis. Inawahi kuchanua kuliko karibu zote, rangi ni pinki mpaka zambarau iliyoiva, ndani ina doa la njano au la bluu nzito inayokaribia weusi. Aina zake za Persian Pearl na Odalisque zinapatikana kirahisi na hazina maringo. Ila kaa mbali kwanza na ile nyeupe yenye jicho la bluu, Alba Coerulea Oculata. Picha zake zinaua mtu, lakini kitunguu kikilowa kiangazi hukioni tena, wengi wanaishia kuilea kwenye chungu wakiificha na mvua. Sio ya kuanzia.

Fundi Mawe
Mnabishana rangi wakati mwenzetu hajaambiwa cha muhimu. Hizi zote nne zinataka kitu kimoja: zikishalala kitunguu kiwe kikavu na kipate joto, maana ua la mwakani linatengenezwa mle ndani kipindi hicho hicho unachoona hamna kitu juu. Maji yakituama hapo kitunguu kinaoza, au kinabaki hai lakini kinatoa jani moja pana na ua hakuna. Kwa hiyo chipukizi swali la kwanza ni wapi unazichimbia. Upande ulioinama ndio wa tulipu, ule wa flati weka vitu vingine.

Mchanganyiko wangu ni udongo wa kawaida nusu, nusu nyingine changarawe ndogo yenye kona pamoja na mchanga mkali, na sio ule laini wa kupigia plasta, ule unashikana unakuwa kama simenti ndio unaharibu kabisa. Mboji weka kidogo tu, samadi mbichi usiiguse. Chimbia sentimita 10 mpaka 15, nafasi ya 5 mpaka 8 kati ya kitunguu na kitunguu, juu funika na kokoto ili shingo ya mmea isikae na unyevu na matope yasirukie petali. Usiwahi sana kupanda, subiri udongo upoe, wengi wanapanda Novemba kwa nchi zinazopata baridi miezi hiyo, maana udongo baridi unapunguza ule ugonjwa wa fangasi unaobabua majani yanakuwa kama yameunguzwa na moto. Ukiona jani limetoka limepindapinda lina madoa ya kahawia, ng'oa mmea mzima tupa, usiweke kwenye mboji.

Kijiti
Fundi umemaliza hapo kwenye shimo. Mi naongezea hizo mbili ambazo hazijaguswa.

Clusiana ni ndefu kidogo kwa hizi, sentimita 25 hivi mpaka 30, bua jembamba, nje ya petali nyekundu ndani nyeupe, ikiwa imefunga ina mistari ikifunguka inakuwa ua jingine kabisa. Kwao ni kuanzia Irani kwenda Afghanistani mpaka Himalaya ya magharibi. Jina limetokana na Clusius, yule mtaalamu wa mimea aliyeanzisha bustani ya mimea ya Leiden, Uholanzi, miaka ya 1590. Uzuri wake ni kwamba haidai baridi nyingi, kwa wenye msimu wa baridi mpole hii inachanua wakati humilis inagoma. Ukiipokea kitunguu chake kiangalie kwenye ncha, kina kishungi cha manyoya ya kahawia yanatokeza kwenye ganda, ukikutana na kitunguu kilaini kisicho na chochote uliza vizuri umeuziwa nini. Iweke nyuma ya jiwe kubwa, sio mbele, itaziba wenzake.

Saxatilis ni ya Krete, kisiwa cha Ugiriki. Pinki ya kukaribia urujuani, katikati njano kubwa, na Lilac Wonder ndio ya ukoo huo. Inapenda joto kuliko zote hapa. Tatizo ni tabia: inatuma vishina vinene chini kwa chini, kila ncha ina kitunguu kipya, ukiipa nafasi inatembea kilima kizima inajaza majani na maua unahesabu. Dawa ni kuibana. Chimba mfuko kati ya mawe, chini weka bapa la jiwe, ikose pa kwenda, hapo ndio inachanua. Na majani yake yanatoka mapema mno, baridi kali ikija inayababua, kwa hiyo iegemeze kwenye jiwe linalotunza joto la mchana.

mzee_kokoto
Kijiti hapo kwenye kubana nakubali mia mia. Na sio saxatilis peke yake, tulipu nyingi za mwituni zikiwa changa zinajishusha, ukifukua unakuta ganda tupu pale ulipopanda na kamba nyeupe nene imeshuka chini yake, kitunguu kipya kiko mwisho wa kamba. Watu wanasema panya kala, kumbe kimehama.

Zaituni_B
Samahani naingilia, huku kwetu hakuna baridi ya maana kabisa. Nikiviweka vitunguu kwenye friji kabla ya kupanda inasaidia?

Kijiti
@Zaituni_B inasaidia, wiki 12 kwenda mbele kwenye mfuko wa karatasi, na zisikae na matofaa wala matunda yoyote yanayoiva, ile gesi yao inaua ua likiwa bado ndani. Lakini ujue utarudia kila mwaka, bustani ya mawe hapo inakuwa ni geresha. Jaribu clusiana au saxatilis tu, na hata hizo kama hamna kipindi kikavu usitegemee.

dadaMaua
Jamani mbona hakuna aliyeitaja tulipu nyingine ya mwituni, sprengeri? Nyekundu, inachanua ya mwisho kabisa zingine zikishakauka. Ilitoka upande wa Amasya, Uturuki, na porini inaaminika imeshatoweka, iliyobaki ni ya bustanini. Hiyo inastahimili hata kivuli kidogo. Ni kusia mbegu na kusubiri miaka minne mitano, vitunguu vyake vinazama chini sana na havipendi kuhamishwa.

Fundi Mawe
Dada, mtu kaomba isiyosumbua 😂

chipukizi
Haya nimeelewa. Tarda mteremkoni kwa wingi, humilis juu kabisa panapokauka haraka, clusiana nyuma ya jiwe kubwa, saxatilis nasubiri nitengeneze huo mfuko kwanza. Maswali mawili: panya ninao, na majani yakianza kuwa njano naweza kuyakata kuficha ule uchafu?

Fundi Mawe
Panya: laza wavu wa waya wenye matundu madogo juu ya vitunguu, kisha udongo, halafu kokoto. Shina litapenya lenyewe. Majani usikate, hapo ndio kitunguu kinashiba. Acha mpaka ukilivuta jani linatoka bila kubisha. Kama mbegu unazitaka usikate vikapsuli (vile vibumba vya mbegu vinavyobaki ua likianguka), kama huzitaka kata ua likishanyauka tu. Mbolea ya majivu au yoyote yenye potashi kidogo majani yakitoka, yenye naitrojeni nyingi achana nayo.

Zaituni_B
Na glavu vaa ukiwa unashika vitunguu vingi, mimi vidole viliwasha mpaka usiku.