Mto Mahakam: matishari ya makaa yaendelee kuingia mito midogo au yazuiwe?

Wakuu, nauleta huu mjadala na upande wangu siufichi. Kule Indonesia, kisiwa cha Borneo, jimbo la Kalimantan Mashariki, kuna mto unaitwa Mahakam, una zaidi ya kilomita 900 na kwa watu wa huko ndo barabara yenyewe. Wakutai wako chini na katikati, Wadayak (Benuaq, Bahau, Kenyah) wako huko juu, Wabanjar na Wabugis walikuja kutafuta maisha wakabaki. Boti ya abiria inatoka mji wa Samarinda huko chini inapanda mpaka Long Bagun huko juu, maji yakipungua mnashushwa njiani. Muara Muntai mtaa mzima ni mbao juu ya nguzo, pikipiki zinapita hapohapo juu ya mbao.

Sasa mto huohuo ndo unashusha makaa ya mawe, tishari moja (chombo bapa cha kubebea mzigo majini) linakaribia urefu wa uwanja wa mpira, linavutwa na tagi, yaani boti ya kuvutia. Mto mkubwa sawa, nafasi ipo. Ila yanaingia mpaka kamto kama Kedang Pahu, na hapo palikuwa kwao pesut, yaani pomboo wa mtoni, ambao Mahakam nzima hawafiki hata 100. Matishari yalivyozidi wakahama. Mimi nasema yaishie mto mkubwa, mito midogo na maziwa ya Jempang, Semayang na Melintang waachiwe wavuvi na pesut wao.

---

Mkuu umeruka kitu, pesut wengi wanafia kwenye nyavu za kutega, sio tishari. Na migodi imeajiri vijana wa hukohuko. Ukifunga njia makaa yapite wapi, malori katikati ya vijiji?

---

Ya nyavu sikubishii ni kweli kabisa, lakini mvuvi unakaa naye mnaelewana, wapo waliokubali kufunga kwenye nyavu vidude vinavyotoa mlio ili pesut asisogee akanasa. Tishari utalifunga nini, usiku linapita, mchana linapita, na mtu kafuga samaki kwenye kizimba chini ya nyumba yake inayoelea, mawimbi yakija yanamkuta hapo. Malori hata mimi sitaki, vumbi lake tunalijua. Wenye migodi wajenge mkanda wa kubebea makaa mpaka mto mkubwa, kwa hela yao, ajira zibaki. Mbona mzigo wa kuhama anabebeshwa mvuvi aliyezaliwa hapo?