Mchezaji bora wa msimu Arsenal 2023/24: mbona Saliba hapewi uzito?

Bunduki_Kongwe:
Wakuu, kila ninayemsoma kuhusu tuzo ya msimu huu anawataja viungo wetu, Ødegaard au Rice. Wamecheza, sibishi. Ila kura yangu ni ya beki wetu wa kati, William Saliba, na anayepinga aje na hoja, si mabao na asisti peke yake.

Kacheza mechi zote 38 za ligi, dakika zote. Hakutolewa, hakufungiwa kwa kadi. Tumeruhusu mabao 29. Msimu uliopita yalikuwa 43. Na mnakumbuka ule msimu ulipovunjikia. Machi 2023, mechi na Sporting ya Ureno, Saliba akaumia mgongo na hakurudi tena. Tulikuwa kileleni. Aprili tukaongoza 2-0 kwa Liverpool, ikaisha sare. Tukaongoza 2-0 kwa West Ham, sare tena. Southampton, waliokuwa wanashika mkia, wakatulazimisha sare ya 3-3 nyumbani kwetu. Manchester City wakamalizia kwa kutupiga 4-1. Beki mwenzake Tomiyasu naye aliumia usiku ule wa Sporting, najua, lakini pengo lililotutesa lilikuwa katikati ya ulinzi.

Mtazameni anavyokaba. Mshambuliaji akipigiwa mpira nyuma yake, Saliba hajirushi chini. Anakimbia naye bega kwa bega, anamsukumia pembeni taratibu, halafu anautoa mpira akiwa amesimama na kumpa beki mwenzake White. Kwa kuwa hakuna vumbi wala kelele, watu hawaoni kazi iliyofanyika.

Kiungo_Mkabaji:
Mkuu, Saliba namheshimu, lakini Rice ndiye aliyetubadilisha. Saliba wa kabla ya jeraha tulikuwa naye na bado City walikuwa wanatufukuzia kwa karibu. Rice kaja na mabao 7 na asisti 8 za ligi akiwa kiungo mkabaji. Manchester United nyumbani, dakika za nyongeza, nani alifunga la pili? Luton, tukiwa 3-3, dakika ya 97, nani alipiga kichwa? Hizo ni pointi nne ambazo zilikuwa zinaondoka. Halafu kona zake! Hata bao la Saliba tulipowapiga West Ham 6-0 lilitoka kwenye kona ya Rice.

Na Bayern kwenye Ligi ya Mabingwa je? Penalti ya Kane kwenye ile 2-2 ilitokana na Saliba kumwangusha Sané.

Nahodha8:
Ødegaard, bila kusita. Mnahesabu mabao 8 na asisti 10, sawa, lakini mimi naangalia anavyokimbia bila mpira. Anaanza yeye kumfuata kipa, mkono mmoja unamwita Saka apande, mwingine unamwonyesha Havertz wa kumziba. Timu nzima inasogea kwa ishara yake. Hao mabeki mnaowasifu wanapokea mipira iliyobutuliwa kwa sababu mbele kuna mtu amemnyima mpinzani nafasi ya kufikiri.

Bunduki_Kongwe:
Nahodha, hoja yako ni nzito kuliko ile ya asisti, na ndiyo inayonipa taabu kidogo. Lakini presha ile ya mbele inawezekana kwa sababu mabeki wetu wanasimama mstari wa kati na uwanja mzima uko wazi nyuma yao. Mpinzani akiivuka presha mara moja tu, anabaki Saliba na beki mwenzake Gabriel. Haaland, mfungaji wa City, tulikutana naye mara mbili kwenye ligi na hakufunga hata moja.

Kiungo, ile penalti ni kosa lake, sifichi. Ila hiyo ni Ulaya. Kwenye ligi tumemaliza na pointi 89, mbili tu nyuma ya City, na nguzo ilikuwa ulinzi.

Mlinda_Lango:
Kipa wetu Raya kachukua Glovu ya Dhahabu, tuzo ya kipa aliyemaliza mechi nyingi zaidi bila kufungwa, kaokoa penalti mbili za Porto kwenye matuta ya Ligi ya Mabingwa, na hakuna aliyemtaja?

Bunduki_Kongwe:
Raya kwangu ni wa tatu, ndugu, nyuma ya Rice. Usiku wa Porto ulikuwa wake kabisa. Ila Glovu ile nusu yake ni ya wale wawili waliosimama mbele yake.