Boksi la kuongeza nguvu kwenye pikapu ya dizeli ambayo waranti bado ipo

Korosho_Tandahimba:
Wakuu, habari za humu. Pikapu ni dabo kebini, injini ya Toyota 1GD ya lita 2.8, gia za mkono, kilomita 41,000, ilinunuliwa mpya kwa wakala Dar na waranti haijaisha. Msimu wa korosho inabeba magunia kutoka AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) mpaka ghala la Mtwara, na mara nyingine inapandisha Newala kutokea upande wa Masasi. Mlimani pale inachoka, gia ya pili mpaka juu. Fundi kanipa njia mbili: kufunga boksi dogo kwenye soketi ya sensa ya reli ya dizeli (bomba la presha linalogawia noozi), au kutoa programu ya kontroli boksi (kompyuta ya injini) na kuingiza nyingine. Je, waranti yote inakufa siku hiyohiyo? Boksi likichomolewa kabla ya kupeleka gari sevisi, watajua? Na ile sheria ya Marekani inayotajwa sana, kwamba muuzaji lazima athibitishe kuwa boksi ndilo lililoharibu, inatusaidia huku?

Fundi_Noozi_Masasi:
Mkuu, waranti yote haifi. Kompresa ya AC, mota ya kioo, rangi, hivyo havihusiani na boksi. Unachokiweka rehani ni noozi, pampu ya presha kubwa, tabo (tabochaja inayosukuma hewa kwenye injini), pistoni, silinda hedi, giaboksi na difu. Yaani vile vya bei mbaya ndivyo unavyovitoa kwenye waranti.

Elewa boksi linafanya nini. Linakaa kati ya sensa ya reli na kontroli boksi, linadanganya presha iko chini. Tuseme ukweli ni baa 1,700, lenyewe linaripoti 1,500. Kontroli boksi inaisukuma pampu zaidi, noozi inamwaga dizeli nyingi kwa muda uleule wa kufunguka. Nguvu inaongezeka kweli. Ila hewa haikuongezeka kwa kiasi hicho, kwa hiyo moshi unakuwa mweusi na joto la ekzosi linapanda. Ukikimbia tambarare hutaona shida. Mlima wa Newala na mzigo ni dakika nyingi za mguu chini bila kupumzika, na pistoni ni aluminiamu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Pampu ikianza kulika inatoa chenga za chuma, zinaingia kwenye noozi zote nne. Hapo hubadilishi noozi moja: ni pampu, reli, mabomba na noozi zote, na tanki linaoshwa.

Kuchomoa boksi hakufuti kila kitu. Kosa kama P0087 au P0088 (presha ya reli kuwa chini au juu mno) linapohifadhiwa, huhifadhiwa pamoja na hali ya injini wakati ule: mzunguko, mzigo, joto. Msomaji mzuri anaona kwamba namba haziendani. Halafu kuna soketi yenyewe. Ya kiwandani ina vumbi la miaka miwili na klipu haina mkwaruzo. Iliyofunguliwa inang'aa, na alama ya tai ya plastiki inabaki kwenye waya. Fundi wa wakala anaanzia hapo kabla hajawasha kompyuta.

Kubadilisha programu kunagundulika kirahisi zaidi. Kontroli boksi ina namba mbili zinazosomeka kwa kisomeo chochote cha OBD (soketi ya kupima makosa ya gari) chenye kipengele cha taarifa za gari: CAL ID (jina la programu) na CVN (namba ya kuihakiki). CVN inakokotolewa kutokana na programu yenyewe, hivyo ukigusa ramani ya dizeli (jedwali la kiasi cha kumwaga), namba inabadilika hata kama CAL ID imeachwa ileile. Kuna magari pia yanayohesabu mara ngapi yameandikwa upya, na kurudisha programu ya kiwandani hakurudishi hesabu hiyo nyuma.

Jambo moja watu hawaliangalii. Toyota walipoipandisha injini hii mwaka 2020 kutoka kilowati 130 hadi 150, hawakugusa programu peke yake. Waliweka tabo kubwa zaidi, wakabadilisha pistoni na mfumo wa kupulizia dizeli. Torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 500 waliipa gia otomatiki. Ya mkono waliiacha Nm 420. Anayekuahidi kuongeza Nm 100 kwenye gia za mkono anapita mpaka ambao mtengenezaji mwenyewe alikataa kuupita. Klachi itaanza kuteleza kwanza, na klachi ni kitu cha kuchakaa, kwa kawaida waranti haiilipi.

Shangani_Mikataba:
Nijibu la sheria. Sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 ni ya Marekani, kwa wanunuzi wa huko. Na hata huko haisemi unachoambiwa. Inamzuia mtengenezaji kufuta waranti kwa sababu tu umefunga kifaa cha kampuni nyingine. Kifaa hicho kikiwa ndicho kilichosababisha uharibifu, anakataa kulipa na yuko sawa.

Kwetu kinachotangulia ni kijitabu cha waranti ulichopewa na mkataba wa mauzo. Fungua ukurasa wa mambo yasiyolipwa na usome neno kwa neno. Maneno "hitilafu iliyosababishwa na mabadiliko" na "gari lililofanyiwa mabadiliko" hayafanani hata kidogo: la kwanza linakuachia nafasi ya kubishana juu ya chanzo, la pili linakubana tangu mwanzo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina sehemu ya kumlinda mlaji, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Lakini huwezi kwenda kule mikono mitupu.

Ukikataliwa, omba barua yenye kifaa kilichoharibika, sababu ya kiufundi na namba za makosa zilizosomwa. Usikubali jibu la mdomo kaunta. Na usiruhusu injini kufunguliwa kabla ya picha kupigwa na wewe au mtu wako akiwepo, maana ikishafunguliwa ushahidi umekwenda.

Kama gari lina bima kubwa au mkopo wa benki, yasome masharti hayo pia. Mabadiliko ya injini ambayo hukuyatamka yanaweza kukugeuka siku ya kudai.

Korosho_Tandahimba:
Shukrani sana wakuu. Boksi naliacha kwanza. Ila mlimani bado inachoka. Magunia huwa 16, ya kilo 80.

Dizeli_Nangurukuru:
16 mara 80 ni kilo 1,280, na bado hujaweka dereva na utingo. Soma kibao cha uzito mlangoni; pikapu nyingi za aina hiyo ni kama tani moja, watu wakiwemo. Kuzidisha mzigo nako huandikwa kwenye sababu za kukataa waranti, tena huonekana kwenye springi na ekseli. Panga magunia 11.

Kisha pima kabla ya kuongeza chochote. Toa filta ya hewa uikague. Kwa vumbi la huko vijijini usisubiri kilomita za kitabu. Mwaga maji ya filta ya dizeli. Kagua mabomba ya intakula (kipoza hewa ya tabo) kwenye viungo: ukiona oili mbichi imelowa nje ya klipu, hewa ya tabo inatoroka hapo. Gusa rimu zote nne baada ya mwendo, inayochoma zaidi ya wenzake breki yake inang'ang'ania. Na kama uliweka tairi kubwa kuliko za kiwandani, umejirefushia gia mwenyewe.

Yote yakiwa sawa, panda mlima huku mwenzako anaangalia kisomeo: presha ya reli inayoombwa na inayopatikana. Inayopatikana ikibaki nyuma muda wote mguu ukiwa chini, una tatizo la filta, pampu au noozi, na hilo ni dai halali la waranti ukiwa hujagusa kitu. Piga picha ya skrini hiyo, piga na ya CAL ID na CVN siku hiyohiyo, weka pamoja na risiti za sevisi. Peleka gari likiwa bado linatembea. Kulibeba kwenye lobedi kutoka Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, na dai likikataliwa gharama hiyo ni yako kwenda na kurudi.