Safari ya wastaafu: feri ya Zanzibar, meli ya Bukoba au SGR Dodoma?

Mwl_Kihonda
Wakubwa shikamooni. Kikundi chetu cha walimu wastaafu kinataka safari moja ya pamoja. Zimebaki tatu: feri ya Zanzibar, meli ya usiku Mwanza–Bukoba, au SGR, treni ya reli ya kisasa, hadi Dodoma. Wakala anataka malipo ya awali Ijumaa. Ipi inawafaa wazee?

Mama_Salome
Marahaba mwalimu. Hujasema mko wangapi, mwezi gani, mnaanzia wapi, na wangapi hawawezi ngazi. Hilo la mwisho ndilo linaloamua.

Baharia_Malindi
Mwezi kwanza. Juni hadi Agosti upepo wa kusi unavuma na bahari kati ya Dar na Unguja inachafuka. Ni kama saa mbili tu, lakini kwa mzee anayetapika ni ndefu. Kaeni chini, usawa wa katikati ya chombo. Mbele ndiko kunakorusha. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya kupanda, siyo tumbo likishavurugika. Wazee wenye tezi dume wamwone mfamasia kwanza, maana baadhi ya dawa hizo hufunga mkojo na kumchanganya mtu mzima.

Tiketi_za_Kundi
Mimi nasema Bukoba. MV Victoria ilirudi kazini 2020 baada ya ukarabati mkubwa, inabeba abiria 1,200. Mnapanda Mwanza usiku, mnalala, mnaamkia Kagera. Hakuna basi litakalowapa usingizi huo.

Mama_Salome
Usingizi unategemea kitanda, ndugu yangu. Kuna kundi la wastaafu 22 lilikatiwa tiketi za meli ya usiku na wakala aliyeandika "kabini" tu, bila kutaja vitanda. Walipofika, nusu ni vya juu, na ngazi yake ni vyuma vyembamba vilivyosimama wima. Mama aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga angepandaje? Wababa wakawaachia wenzao vya chini, wao wakakesha kwenye viti. Asubuhi miguu imevimba, viatu haviingii. Juu ya hayo, insulini ya mmoja wao iliwekwa ndani ya chupa ya chai moja kwa moja juu ya barafu. Ikaganda. Insulini iliyoganda ni ya kutupa hata ikiyeyuka, na siku hiyo ilikuwa Jumapili, wakazunguka mji mzima kutafuta duka la dawa lililo wazi. Ifungeni kwenye kitambaa kikavu isiguse barafu, na ikae kwenye mkoba wa mkononi. Wakala mpeni orodha: jina, umri, kitanda cha chini au cha juu. Asipoijibu kwa maandishi, msilipe.

Mwl_Kihonda
Asanteni sana. Tuko 18, tunaanzia Morogoro, mwezi Agosti. Wanne wanatembelea mkongojo, mmoja kiti cha magurudumu.

Tiketi_za_Kundi
Morogoro! Hilo lingetangulia, mwalimu. Basi Bukoba naiondoa mwenyewe, mtachoka kabla ya kuliona ziwa. SGR inasimama hapo hapo kwenu. Tiketi zenu 18 zikatwe kwa pamoja ili mkae behewa moja, na kila mtu awe na kitambulisho mkononi. Fikeni mapema, ukaguzi wa mizigo unakula muda.

Baharia_Malindi
Zanzibar bado inawezekana: SGR hadi Dar, kisha Coaster ya kukodi hadi bandarini, si mbali. Ila msikubali hoteli ya Mji Mkongwe kabla ya kuuliza mambo mawili: gari linaishia wapi, na je, kuna vyumba vya chini? Nyumba nyingi kule ni za ngazi kali zisizo na lifti, na kiti cha magurudumu vichochoroni ni mateso. Kisiwa cha Changuu nacho, boti yake mnaipandia majini. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kwenye saa nne asubuhi maji yametoka mbali, mzee atatembea kwenye matope na mawe. Chagueni siku za maji mafu, bahari isipotoka mbali.

Pwani_hadi_Durban
Jamani, feri siyo safari ya meli ya kitalii. Kusanyeni mwaka mzima mpande ya Durban. Mtanzania haombi viza Afrika Kusini kwa siku 90.

Mama_Salome
Bei unayoiona kwenye tangazo ni ya mtu mmoja kati ya wawili wanaoshiriki kabini. Mjane anayelala peke yake hulipa karibu maradufu. Ongeza juu yake bima, bahashishi ya kila siku, na daktari wa melini ambaye ni wa kulipia.

Pwani_hadi_Durban
Kikokotoo, yaani sehemu ya mafao anayolipwa mstaafu kwa mkupuo, kilipanda kutoka asilimia 33 hadi 40 mwaka 2024. Kwa nini mstaafu asile jasho lake?

Tiketi_za_Kundi
Waliostaafu zamani hilo haliwagusi. Hao wana pensheni ya mwezi tu, na nusu yake ni ada za wajukuu.

Pwani_hadi_Durban
Ada za wajukuu ni kazi ya wazazi wao!

Mama_Salome
Hilo lifungulieni uzi wake. Mwalimu, kiti cha magurudumu kinakunjwa, au ni kile cha hospitali? Na nani atamsukuma?

Mwl_Kihonda
Hakikunjwi. Msukumaji ni mjukuu wake, sikumhesabu. Kwa hiyo tuko 19.