MREJESHO: Mtoto wa miaka 6, jino jipya limeota nyuma ya la utoto

Wakuu nimerudi. Niliuliza wiki mbili zilizopita, binti yangu jino la chini la mbele limeota kwa nyuma na la utoto bado lipo, nifunge uzi nivute au niende hospitali? Asanteni mliosema niache uzi, maana bibi yake alishauandaa kabisa jamani.

Basi tukaenda kwa daktari wa meno, akalitikisa akasema hili mzizi haujaisha vizuri, ungevuta kwa nguvu lingeweza kukatikia ndani. Akapaka dawa ya ganzi kwenye fizi ndo akachoma sindano, mtoto akalia kidogo tu, dakika chache jino nje. Akang'atishwa gozi (kile kitambaa cha kufungia vidonda) nusu saa, damu ikakata.

Kitu ambacho sikujua ni ganzi, mdomo ulikuwa mzito masaa kama mawili na yeye anautafuna tu anaona mchezo, ukavimba kuliko hata pale palipong'olewa! Kwa hiyo wenye watoto, msiwape chakula mpaka ganzi iishe na muwakalie macho. Siku ile alikula uji wa uvuguvugu na mtindi, hakuna mrija, hakuna kusukutua. Kesho yake ndo tukaanza maji ya chumvi taratibu. Maumivu panadol ya maji ilitosha, aspirini daktari alikataa kabisa kwa mtoto.

Jino jipya limeanza kusogea mbele lenyewe, ulimi unalisukuma. La zamani bibi kalirusha juu ya bati, kafurahi.