Landi Lightweight ya jeshi, tairi 265 zitaingia ama nitaharibu gari?

landi_kijani
Habari zenu wazee. Niko na Land Rover Lightweight Series III, zile zilikuwa za jeshi la Uingereza, injini ni ile petroli ya lita 2.25. Nilinunua mwaka jana kwa mzee mmoja huku Karen, alikuwa ameiacha chini ya mti miaka mingi sana. Breki na klachi nimemaliza, sasa imebaki tairi. Zilizoko ni 6.50-16 na ubavu umepasuka hadi unaona nyuzi, hizo hata sokoni siendi nazo. Nataka kubwa kwa sababu wikendi nyingi nashuka Magadi na mvua ikinyesha ule udongo mweusi wa Kajiado unanimaliza, difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, inakalia tope nabaki natafuta mtu wa kunivuta. Kuna jamaa ananiuzia 265/75R16 nne bado ziko na meno, anasema zinaingia tu. Na zinapendeza, hiyo sitaficha. Niambieni ukweli kabla nitoe pesa.

fundi_grogan
Mzee usitoe pesa bado. Kwanza shika hesabu. 6.50-16 yako kutoka chini hadi juu ni kama milimita 750. Hiyo 265/75 ni kama 804. Sasa 7.50-16, ile nyembamba ya 109, yaani Landi ndefu, nayo ni kama 805. Umeona? Urefu ni ule ule, ile 265 inakuongezea upana peke yake, na upana ndio utakusumbua. Inataka rimu ya inchi 7 na kuendelea, rimu ya 88, yaani Landi fupi kama yako, ni inchi 5. Ukiilazimisha pale inavimba katikati kama chapati, inakula kati tu na kona inayumba. Alafu ukikata usukani mpaka mwisho inagusa springi za mbele, na hiyo stering haina pawa, kupaki town utatoka jasho.

Chukua 7.50R16 na utafute rimu za 109 za inchi 5 na nusu, nati ni zile zile tano, zinaingia. Kwa tope ya huko kwetu tairi nyembamba inakata inatafuta chini, ile pana inajaza udongo kwa meno inakuwa kama mandazi inateleza tu. Difu itainuka sentimita 2 na nusu hivi, hiyo ndio faida yote, asikudanganye mtu. Ukishafunga, paka chaki nyeupe kwa springi ya mbele, kata usukani mwisho kushoto na kulia, uzunguke uwanja kidogo, kisha uangalie. Kama chaki imefutika, kuna bolti ya stopa pale kwa swivo, mahali gurudumu la mbele linakatia kona, ifungue nje kidogo usukani usifike mwisho. Utapoteza kukata kona kidogo lakini tairi itabaki nzima.

mama_suswa
Nakubaliana na fundi, mimi naendesha 88 na 7.50 mwaka wa nne sasa. Nitaongeza yenye sikuambiwa na mtu nikajifunza barabarani. Tairi kubwa inafanya gia zote ziwe ndefu, spido ikisoma 80 wewe uko karibu 86, na ile mlima ya kutoka Magadi yenye nilikuwa napanda na gia ya tatu sasa ni ya pili mpaka juu. Injini ni ya farasi kama 70 tu, ihurumie. Breki pia ni za drum zote nne, acha nafasi.

Kubwa zaidi ni hafushafti za nyuma, zile vyuma vya kuzungusha magurudumu kutoka kwa difu. Kwa hizi Series ndio mahali pa kwanza kukatika na tairi kubwa inazivuta zaidi. Yangu ilikatika pale chini ya Corner Baridi, nilikuwa nimekwama kwa jiwe nikaachilia klachi kwa hasira, nikasikia tu *tak*, gari ikanguruma bila kuenda. Tuliweka fo-wili tukarudi Kiserian ikivutwa na magurudumu ya mbele. Kuitoa ni bolti sita kwa habu, hata jeki huhitaji, lakini kile kipande kinabaki ndani lazima kitoke kabla ya kuweka nyingine. Beba moja ya spea chini ya kiti, kila safari. Na klachi uiachilie polepole kaka, tafadhali.

kijana_wa_ngongroad
Mimi niliweka 265 na rimu za inchi 7 pamoja na spesa za kusukuma gurudumu nje. Ilikuwa inakaa vizuri kwa macho, kwa mchanga wa Suswa ilikuwa tamu kweli. Lakini bearing za mbele zilianza kulia na usukani ukawa unanipiga mikono kwa mawe. Nilitoa, nikarudi 7.50. Sijutii.

landi_kijani
Asanteni sana, nimempigia yule jamaa nimemwambia abaki nazo. Swali moja la mwisho, rimu zangu ziko na nati nyingi kuliko kawaida. Kuna zile tano za habu, alafu kuna duara ingine ya nati nje yake. Ni za nini? Nilikuwa nataka kuzifungua kesho nitoe tairi nikiwa hapa nyumbani.

fundi_grogan
SIMAMA HAPO USIGUSE. Hizo ni rimu za jeshi za vipande viwili, hiyo duara ya nje ndio imeshika nusu mbili pamoja. Ukizifungua na hewa ikiwa ndani ile nusu inaruka na inaua mtu, sisemi kukutisha. Kawaida nati hizo zilipakwa rangi nyekundu kwa sababu hiyo. Toa mdomo wa valvu kabisa, hewa iishe yote, hata ukibonyeza tairi na goti iwe imelala, hapo ndio ufungue zile tano za habu utoe gurudumu. Za duara ya nje peleka kwa mtu anazijua. Na mwambie kijana wa pancha wa hapo kwenu, yeye ndiye ataumia.

landi_kijani
Nimetoka nje na tochi sasa hivi nikakwaruza moja na funguo. Chini ya rangi ya kijani kuna nyekundu. Zote nne ziko hivyo na spea pia. Nimetoa valvu zote, zinatoa hewa nikiandika hapa, na nimeficha spana ya gurudumu kijana wangu asije akaanza bila mimi. Jumatatu naja Grogan, pale kwa maduka ya spea, kutafuta rimu za 109, tano.